Taa ya baiskeli kwa gharama ndogo: namna ya kuitengeneza na kuiboresha kwa safari za usiku

Busia na Tororo ni nchi ya baiskeli. Neno bodaboda, ambalo leo linasikika kutoka Mombasa hadi Gulu, lilizaliwa hapa mpakani. Katika miaka ya 1960 vijana wa Busia walifunga mto wa kukalia kwenye keria wakaanza kuvusha abiria na mizigo kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda, na jina likatokana na neno la Kiingereza la mpaka. Wasomaji wetu waliokimbia Kenya mapema mwaka 2008 wakapokelewa Mulanda, wilayani Tororo, kabla ya kuhamishiwa Kiryandongo, wanazijua barabara hizi. Siku hizi pikipiki ndizo zinazochukua abiria wengi, lakini ukiingia vijijini, kama vile Buhehe upande wa Uganda, baiskeli bado ndiyo inayopeleka mahindi kwenye mashine ya kusaga, inayobeba mkaa na madumu ya maji, na wakati mwingine inayomfikisha mgonjwa kwenye kituo cha afya usiku wa manane.

Karibu na ikweta jua hutua kati ya saa 12:30 na saa 1:00 jioni mwaka mzima, na nusu saa baadaye ni giza totoro. Anayefunga biashara yake sokoni saa moja hana namna, atarudi nyumbani gizani. Ikiwa anapita barabara kuu ya Malaba au ya Busia, atakuwa pamoja na malori yanayotoka na kwenda Mombasa. Wengi hushika tochi mdomoni au huiwasha simu na kuishika kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukishika usukani na breki. Makala hii inaeleza namna ya kupata taa inayokaa mahali pake, kwa vifaa vinavyopatikana kwa fundi wa redio na kwenye tochi zilizokufa ambazo ziko karibu katika kila nyumba.

Kuona na kuonekana

Kabla ya kununua chochote, jiulize unataka taa ya kazi gani. Taa ya kukuonyesha njia na taa ya kumfanya dereva akuone ni vitu viwili tofauti, na watu wengi hufikiria ile ya kwanza tu.

Ukiendesha kilomita 15 kwa saa, mwendo wa kawaida wa mtu mwenye mzigo, unapita kama mita 4 kila sekunde. Ukiona shimo likiwa mita 4 mbele, umeshaingia. Unahitaji kuona angalau mita 10 mbele ili upate muda wa kufikiri na breki zako za vyuma zipate muda wa kushika, hasa zikiwa zimelowa. Lori la kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Lori hilo, likiwa limejaa, haliwezi kusimama ndani ya mita 70 hata breki zake zikiwa nzuri. Maana yake ni kwamba dereva anapaswa kukuona ukiwa mbali sana kuliko pale ambapo wewe unahitaji kuona shimo. Na mara nyingi lori hilo linatokea nyuma yako, upande ambao taa ya mbele haina msaada wowote.

Kwa hiyo kama una pesa ya kitu kimoja tu wiki hii, na njia yako ni ya lami yenye magari, nunua riflekta nyekundu ya nyuma kwanza. Kama njia yako ni ya murram na vichochoro vya kambini, ambako adui ni shimo, jiwe na mbuzi aliyelala njiani, anza na taa ya mbele.

Anza na dainamo uliyo nayo

Baiskeli nyingi za chuma tunazoziita black mamba zilikuja na dainamo, kile kichupa kinachosugua ubavu wa tairi. Wenye baiskeli wengi wamekiacha kikining'inia wakidhani kimekufa. Mara nyingi kichupa hicho ni kizima, na ugonjwa uko kwenye nyaya.

Mfumo wa zamani unatumia waya mmoja tu kutoka kwenye dainamo hadi kwenye taa. Njia ya kurudi ni chuma cha baiskeli yenyewe. Ikiwa fremu ina kutu, au mtu aliipaka rangi mpya, umeme haupati pa kurudia na taa haiwaki. Usihangaike kukwangua rangi kila mahali. Pitisha waya wa pili kutoka kwenye mwili wa dainamo hadi kwenye mwili wa taa, na utashangaa ni dainamo ngapi zilizokufa zitafufuka kwa waya huo mmoja.

Kisha tazama inavyokaa. Mstari unaopita katikati ya dainamo kwa urefu wake unapaswa kuelekea katikati ya gurudumu, kwenye ekseli. Ikikaa mshazari itakula tairi, itapiga kelele na kukufanya ukanyage kama mtu anayepanda mlima. Kama kigurudumu chake kinateleza wakati wa mvua, kivishe kipande cha mpira wa tyubu kilichobana vizuri.

Dainamo ya kawaida hutoa volti 6 na wati 3. Kati ya hizo, wati 2.4 ni za balbu ya mbele na 0.6 ni za balbu ya nyuma. Mgawo huo una siri yake. Balbu ya nyuma ikiungua, umeme wake wote huhamia mbele, na balbu ya mbele nayo huungua baada ya muda mfupi. Mtu hununua balbu ya mbele mara tatu, nne, akilaumu balbu za bei rahisi, kumbe chanzo ni ile ya nyuma ambayo hakuitazama.

Kutoka balbu ya waya hadi LED

Balbu ya zamani inapasha moto waya mwembamba hadi uwake, kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu zako za miguu inageuka joto. LED nyeupe ya kisasa hutoa mwanga mara nane au zaidi kwa wati ile ile. Ndiyo sababu kuweka LED kwenye dainamo ya zamani ni uboreshaji mkubwa kuliko wowote ninaoujua kwa pesa kidogo.

Kuna jambo moja la kuelewa. Umeme wa dainamo huenda na kurudi, huku na huku, mara nyingi kwa sekunde. LED hupitisha umeme upande mmoja tu, na ikisukumwa sana kwa upande usio wake hufa. Mafundi wengi hutatua hilo kwa diodi nne, na tutazifikia. Lakini iko njia rahisi zaidi isiyohitaji diodi hata moja.

Chukua LED mbili nyeupe za wati 3, zile zilizobandikwa juu ya kibati chenye umbo la nyota. Ziunganishe zikiwa zimepeana mgongo: chanya ya kwanza kwenye hasi ya pili, na hasi ya kwanza kwenye chanya ya pili. Sasa una ncha mbili tu. Peleka waya mmoja wa dainamo kwenye ncha moja na waya wa pili kwenye ncha nyingine, bila kujali upi ni upi. Umeme ukienda huku, LED ya kwanza inawaka na kumkinga mwenzake. Ukirudi, ya pili inawaka na kumkinga wa kwanza. Zinapokezana kwa kasi hivi kwamba jicho linaona mwanga mmoja.

Huhitaji rezista hapa. Dainamo ina tabia ya kujizuia yenyewe. Hata ukishuka mteremko kwa kasi, mkondo wake hauzidi sana nusu ampia, na LED ya wati 3 inauvumilia. Usitumie LED ndogo za kwenye viberiti vyenye taa au zile za wati 1, kwani zitawaka vizuri jioni ya kwanza na kufa ndani ya wiki.

Usipojua upande upi wa LED ni chanya, chukua betri mbili za tochi zilizofuatana, jumla volti 3, uguse kidogo. Ikiwaka hata kwa mwanga hafifu, umepata. Wakati wa kulehemu usiache chuma cha moto kikae kwenye LED zaidi ya sekunde tatu. Chuma kinachopashwa kwenye jiko la makaa kinafaa kabisa, mradi ukifute majivu kwanza. Na hakikisha viungo vimeshika, kwa sababu LED moja ikikatika njiani, ya pili inabaki bila mlinzi nayo itakufa.

LED hupata joto, na joto ndilo linaloiua mapema. Ibane kwa skrubu kwenye kipande cha alumini chenye ukubwa wa nusu kiganja. Sufuria kuukuu iliyotoboka ndiyo alumini bora na ya bure. Kibati cha nyota kikae bapa juu ya alumini, bila mchanga au rangi katikati.

Jambo la mwisho ni lenzi. LED iliyo uchi humwaga mwanga kila upande, itamulika majani ya miti na macho ya watu na kuacha barabara gizani. Fungua tochi iliyokufa, utakuta kikombe cha plastiki kinachokusanya mwanga. Kiweke mbele ya LED ukibandike kwa gundi pembeni, pasipopita mwanga. Kikombe kile cha kung'aa kilichomo kwenye taa ya zamani ya baiskeli hakifai kwa kazi hii, maana kilitengenezwa kwa ajili ya balbu inayowaka pande zote, na LED inawaka kwa mbele tu.

Sasa zile diodi nne. Fundi akizipanga kama daraja, zinageuza umeme wa kwenda na kurudi uwe wa upande mmoja. Mwombe atumie diodi aina ya 1N5819, ambazo hupoteza umeme kidogo kuliko 1N4007 zilizozoeleka. Baada ya daraja anaweka kapasita ya mikrofaradi 1000 na angalau volti 25, kisha LED mbili za wati 3 zikiwa zimefuatana, moja baada ya nyingine. Kapasita ina chanya na hasi, na ikigeuzwa inaweza kupasuka. Mpango huu hutoa mwanga mwingi zaidi na usiomemeta, lakini unahitaji mwendo. Ukipanda kilima na gunia nyuma, utafifia mapema kuliko ule wa LED zilizopeana mgongo. Kwa mtu wa lami tambarare nachagua diodi nne. Kwa mtu wa Buhehe anayesukuma baiskeli kwenye murram nusu ya safari, ule wa kwanza unatosha, na akiharibikiwa atautengeneza mwenyewe.

Taa ya betri, na moto ndani ya nyumba

Dainamo ina udhaifu mmoja mkubwa: ukisimama, inazima. Umesimama katikati ya barabara ukisubiri kukata kulia, lori linakuja, na hapo ndipo taa zako zote mbili zinakufa. Kwa sababu hiyo, hata mwenye dainamo nzuri anahitaji riflekta au kijitaa cha betri nyuma.

Wengine hawana dainamo kabisa, na kwao betri ndiyo njia. Familia nyingi kwenye makazi zina taa moja ya sola. Baba au mama akiifunga kwenye usukani jioni, watoto wanabaki gizani na madaftari yao. Kama ni lazima taa hiyo itumike kote, usiifunge kwa waya. Kata ukanda wa tyubu wenye upana wa vidole viwili, uuzungushe kwenye usukani na taa mara mbili, unase ncha zake kwa kulabu ya waya wa spoku. Taa itatoka kwa sekunde tano ukifika nyumbani. Lakini ni afadhali kutengeneza ya pili.

Betri ya simu ndogo ya aina ya BL-5C, yenye volti 3.7, inatosha. Iunganishe na LED moja ya wati 1 kupitia rezista ya omu 3.9 yenye uwezo wa wati 1. Rezista hiyo ni ya lazima hapa, kwa kuwa betri haijizuii kama dainamo. Betri nzima itakupa saa nne hadi tano za mwanga wa kutosha kwa mwendo wa pole. Ukitaka kuichaji, itoe uirudishe ndani ya simu yake.

Betri za duara zinazotolewa kwenye kompyuta za mkononi zilizoharibika, zinazoitwa 18650, hudumu muda mrefu zaidi. Hizo zichajiwe kupitia kibao kidogo kiitwacho TP4056, kinachopokea chaja ya kawaida ya simu na kujizima betri inapojaa. Chagua kile chenye sehemu nne zilizoandikwa B+, B-, OUT+ na OUT-, kwani hicho pia hukata umeme kabla betri haijaisha kabisa. Betri iende kwenye B, taa kwenye OUT.

Hapa naomba usome polepole. Betri za lithiamu zikitobolewa, zikigusishwa chanya na hasi, au zikichajiwa bila kibao, zinaweza kushika moto, na moto wake hauzimiki kirahisi. Nyumba nyingi kwenye makazi ni za miti na turubai, tena zimekaribiana. Betri iliyovimba, iliyochubuka ganda au inayopata moto wakati wa kuchaji, usiijaribu tena. Usichaji chini ya godoro wala usiku ukiwa umelala. Ichaji mchana, juu ya bati au sakafu ya udongo, mbali na turubai. Kama huna mtu wa kukuonyesha kazi hii mara ya kwanza, lipa fundi afanye, wewe utazame.

Tochi nyingi za kuchaji za dukani zina betri ya volti 4 ya risasi, nzito kidogo. Hizo hazina hatari ya moto wa namna hiyo, ila hufa haraka zikiachwa bila chaji. Ukiwa na tochi kama hiyo ambayo sasa haidumu dakika kumi, taa yake na lenzi yake bado ni nzima, ni betri tu iliyochoka.

Nyuma, na mzigo unaoficha taa

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu trafiki barabarani unataka baiskeli iwe na riflekta nyekundu nyuma, na usiku ionyeshe mwanga mweupe au wa manjano mbele na mwekundu nyuma. Rangi hizi zina maana. Dereva akiona nyekundu anajua kwamba kitu hicho kinaenda mbele yake, akiona nyeupe anajua kinamjia. Vijana wanaofunga taa nyekundu au za rangi rangi zinazocheza kwenye usukani wanamdanganya dereva kuhusu upande wanaoelekea.

LED ndogo nyekundu ya nyuma hula umeme kidogo sana. Kwenye betri ya volti 3.7 itumie na rezista ya omu 100. Itawaka usiku kucha na kuonekana kutoka mbali sana.

Ila angalia unaifunga wapi. Chini ya keria ndipo watu hupenda, kisha gunia la mkaa au mkungu wa ndizi unaning'inia na kuifunika. Ifunge chini zaidi, kwenye chuma cha fremu kinachoshuka kuelekea ekseli ya nyuma, upande wa kulia ambako magari hupita. Kama bado una madigadi ya nyuma, paka ncha yake rangi nyeupe. Black mamba za zamani zilitoka kiwandani zikiwa na alama hiyo, na waliozipaka rangi upya wameifuta bila kujua kazi yake. Riflekta za pedeli nazo zisidharauliwe, kwa sababu zinapanda na kushuka, na dereva akiona mwendo huo hutambua mara moja kwamba mbele yake kuna mtu anayeendesha.

Kuelekeza mwanga

Taa nzuri iliyoelekezwa vibaya ni mbaya kuliko taa hafifu. Simamisha baiskeli mita 5 kutoka ukutani, giza likiwa limeingia. Pima urefu wa taa yako kutoka chini. Katikati ya mwanga ukutani pawe nusu ya urefu huo: taa ikiwa sentimita 80 kutoka ardhini, mwanga upige sentimita 40. Ukiiweka hivyo, mwanga utagusa barabara mita 10 mbele yako, na anayekuja mbele hatapofuka. Kwa kuwa Kenya na Uganda tunaendesha kushoto, igeuze kidogo sana kuelekea kushoto, ukingoni, ambako lami imemeguka na watu wanatembea kwa miguu.

Kisha mpe mwenzako baiskeli, nenda usimame mita 70 mbali, kama hatua 100, mwambie apite mbele yako na arudi akiwa na mzigo wake wa kawaida. Utaona mwenyewe kinachoonekana na kinachofichika. Baada ya wiki ya kwanza kaza skrubu zote na utazame nyaya pale zinapopinda karibu na usukani, maana murram hulegeza kila kitu na waya huanza kukatikia ndani ya ganda lake kabla hujaona dalili kwa nje.